Oxford au Cambridge? Nina siku moja tu, nisaidieni kuamua

Mwalimu_wa_Jinja

Wandugu wa humu, salaam. Naomba msaada wa kuamua jambo, na tafadhali msinijibu juu juu.

Nafundisha historia na Kiswahili katika sekondari moja hapa Jinja. Likizo ya Mei naenda Uingereza na mwanangu wa kiume. Yuko Senior Five, anasoma fizikia, kemia na hisabati. Dada yangu anaishi Croydon, kusini mwa London, na binti yake anaolewa. Visa tumepata, tiketi za Entebbe hadi Gatwick zimelipwa. Karibu kila siku ina shughuli ya familia, ila dada ametuachia siku moja ya kwenda tutakako nje ya London, tuondoke asubuhi turudi usiku.

Miaka yote nimekuwa nikizitaja Oxford na Cambridge darasani bila kuziona. Sasa nataka kuona mojawapo kwa macho yangu. Mwanangu anataka Cambridge kwa ajili ya Newton. Moyo wangu umeegemea Oxford, kwa sababu ndiyo kongwe, na ndiyo niliyoisikia sana nilipokuwa Makerere: mhadhiri huyu katoka Oxford, yule kaenda Oxford. Pesa ya kwenda miji yote miwili sina. Msiniambie yote ni mizuri, hilo nalijua. Niambieni niende upi, na sababu yake.

Kijana_wa_Wandegeya

Mwalimu, Oxford. Watu walikuwa wanafundishwa pale tangu 1096. Cambridge ilianza 1209 baada ya ugomvi: wenyeji wa Oxford waliwanyonga wanafunzi kwa kisasi cha mwanamke aliyeuawa, wasomi wakatawanyika, wengine wakaenda Cambridge na kuanza upya. Kwa hiyo Cambridge ni chipukizi la Oxford. Nenda kwenye shina.

Halafu wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Kamusi unayoishika darasani ilichapwa na Oxford University Press. Jengo lao lipo pale pale mjini, Walton Street.

Nesi_Ughaibuni

Mwalimu, karibu sana huku. Mimi ni wa Mbale, nauguza katika hospitali moja si mbali na Oxford, na siku zangu nyingi za mapumziko naishia katika mji huo. Niruhusu niutetee.

Kwanza, Oxford haikuchoshi. Ukishuka stesheni, robo saa kwa miguu uko katikati ya mji. Simama kwenye uwanja wa Radcliffe, uone lile jengo la mviringo lililojengwa kati ya 1737 na 1749, upande mmoja kanisa la St Mary, upande mwingine maktaba ya Bodleian iliyofunguliwa 1602. Vyote hivyo vimekaa karibu karibu kiasi kwamba ukigeuka tu umeona karne nyingine. Hakuna mahali Cambridge panapokupa hilo kwa mkupuo mmoja.

Pili, kwa Mkristo wa Uganda kuna pahali pa kusimama. Nenda Broad Street. Katikati ya barabara kuna msalaba wa mawe uliotandazwa chini, magari na baiskeli vinapita juu yake. Hapo ndipo maaskofu wa Kiprotestanti Latimer na Ridley walipochomwa moto Oktoba 1555, na Askofu Mkuu Cranmer akafuata Machi 1556. Sisi tuliokua tukienda Namugongo, walikochomwa mashahidi wa Uganda, kila tarehe 3 Juni hatuhitaji kuelezwa maana ya moto wa namna ile. Mara ya kwanza nilisimama pale nikasali kimya kimya, watu wakinipita na mifuko yao ya ununuzi. Na Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885, alisomea Oxford, St Mary Hall, ambayo baadaye ilimezwa na koleji ya Oriel. Wewe uko Jinja, Mwalimu. Hiyo ni historia ya mlangoni kwako.

Tatu, kwa huyo kijana wa fizikia: Broad Street hiyo hiyo kuna makumbusho ya historia ya sayansi, hayana kiingilio, na ndani yake kuna ubao alioandikia Einstein alipotoa mhadhara Oxford 1931. Haujafutwa mpaka leo. Na dawa ya penisilini, Fleming aliigundua London, lakini waliofanya kazi ya kuigeuza kuwa dawa ya kuponya mtu ni kina Florey, Chain na Heatley, pale Oxford. Mimi kama nesi jambo hilo linanigusa. Hata chanjo ya kwanza ya korona iliyoletwa Uganda Machi 2021 ilitokana na utafiti wa Oxford. Wengi wenu humu mnayo mwilini.

Nne, mshairi wetu Okot p'Bitek. Alikuja Uingereza 1956 na timu ya taifa ya mpira, akabaki kusoma, akaishia Oxford kwenye anthropolojia. Alikuta walimu wake wanawaita Waafrika washenzi na watu wa kale, akapinga pale pale darasani. Msomi Ali Mazrui wetu wa Mombasa, aliyefundisha Makerere mpaka 1973, udaktari wake ni wa Oxford, Nuffield, 1966. Mwalimu wa historia ukipita mbele ya majengo hayo lazima damu itembee.

Mpita_Njia_Busia

Dada Nesi umemaliza kila kitu. Mwalimu, fungasha uende Oxford.

Kijana_wa_Wandegeya

Nakubali. Uzi ufungwe.

Mtunza_Kumbukumbu

Uzi usifungwe bado. Mwalimu, nimekaa siku nzima nikiwaza kama nikujibu, kwa sababu yote aliyosema dada Nesi ni kweli na sina la kukanusha. Ila kama siku ni moja, mimi nakutuma Cambridge, na naomba unisome mpaka mwisho.

Mimi kwa muda mrefu nimekuwa nikiwapeleka watoto wa shule kwenye Makumbusho ya Uganda pale Kitante. Kila safari kuna mtoto anayeuliza kwa nini kabati fulani lina vitu vichache, na vingine viko wapi. Jibu, kwa sehemu kubwa, ni Cambridge.

Alikuwako mmisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, aitwaye John Roscoe. Aliishi Buganda miaka mingi, akawa rafiki wa Katikiro (waziri mkuu wa Buganda) Apolo Kagwa, na Kagwa ndiye aliyewaita wazee Mengo waje wamsimulie mila, koo, mazishi ya wafalme, na mambo ya mahekalu. Huku Cambridge alikuwako James Frazer wa koleji ya Trinity akimwandikia barua za kumhimiza akusanye zaidi. Roscoe akakusanya. Vitu vikaenda Cambridge, kwenye makumbusho ya akiolojia na anthropolojia ya chuo, na baadaye akaongeza vingine kutoka Ankole, Bunyoro na kwingineko. Leo makumbusho hayo yana vitu takriban 1,500 vya Uganda.

Miongoni mwa vilivyokwenda ni masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda: utaya wake na vitu vyake vya hekaluni. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyeheshimiwa kwa vizazi, ambaye wafalme walituma wajumbe kwake kabla ya vita, akakaa kabatini kwenye mji wa baridi ambako hakuna aliyejua kumsalimu. Alirudishwa 1962, mwaka wa uhuru. Watu wengi wanazungumza juu ya kurudishiwa vitu vya Afrika kana kwamba ni hoja ya juzi. Uganda ilianza kudai na kupata mapema.

Kisha Juni 2024 vikaja vingine 39. Safari hii ni kwa mkopo, miaka 3 kwa kuanzia, kwa makubaliano kati ya Cambridge na makumbusho yetu. Nilikwenda kuviona. Sitaelezea nilivyojisikia, ila nilirudi tena wiki iliyofuata.

Kwa hiyo Mwalimu, ninachokuomba ni hiki: kabla ya kupanda ndege, mchukue mwanao mpande Kitante mkaangalie vilivyorudi. Halafu mkifika Cambridge, nendeni Downing Street, hakuna kiingilio, mkaangalie vilivyobaki. Hakuna Mzungu yeyote anayeingia kwenye jengo lile anayeweza kuona utakachokiona wewe. Oxford utakuwa mgeni anayetazama vya wenyewe. Cambridge utaingia kama mtu anayekagua mali ya nyumba.

Hayo si yote. Kuna pia Senate House, jengo jeupe katikati ya mji. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia pale, akawataka vijana wa vyuo waende Afrika. Kutokana na hotuba zake ikazaliwa UMCA, misheni ya vyuo vikuu, iliyofika Zanzibar 1864. Ndani ya misheni hiyo ndimo alimokuwa Edward Steere, aliyekaa na Waswahili akaandika sarufi yao na kutafsiri Maandiko, na ndiye aliyejenga kanisa kuu pale palipokuwa soko la watumwa. Wewe unafundisha Kiswahili, Mwalimu. Kiswahili kuandikwa kwa herufi hizi tunazotumia humu, sehemu ya njia yake inapita kwenye ukumbi ule.

Na George Pilkington, aliyeongoza kutafsiri Biblia ya Kiganda ikakamilika 1896, alikuwa wa koleji ya Pembroke, Cambridge. Daktari Albert Cook aliyeanzisha Hospitali ya Mengo 1897 alikuwa wa Trinity, Cambridge. Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa II alipelekwa koleji ya Magdalene, Cambridge, baada ya vita vya pili vya dunia, na Kabaka wa sasa naye akapita hapo hapo. Elizabeth Bagaya, binti mfalme wa Toro, alisoma sheria Girton, Cambridge, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wakili Uingereza. Girton ndiyo koleji ya kwanza ya wanawake Uingereza yenye mabweni, ya 1869, ingawa Cambridge iliwanyima wanawake shahada kamili mpaka 1948. Oxford iliwapa 1920, hilo niwape haki yao.

Unaona nilivyoandika? Sijagusa hata Newton bado.

Mzee_wa_Bombo

Mtunza Kumbukumbu, ahsante, umenikumbusha mengi. Sisi wa rika langu tulifanya mtihani wa Cambridge. Karatasi zilikuwa zinasafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa huko, na sisi tunakaa nyumbani miezi tukingoja. Mtu akiulizwa umesoma mpaka wapi, anajibu, "Nina Cambridge." Ukiwa nayo unapata kazi ya ukarani siku hiyo hiyo. Mji wenyewe hakuna aliyeuona. Mwalimu, uone kwa niaba yetu.

Umemtaja Pilkington. Kwa heshima zote niongeze upande wetu Wanubi. Aliuawa Desemba 1897 Busoga, kwenye ngome ya Luba, katika vita vya kuwazima askari wa Kisudani walioasi. Askari hao ndio babu zetu. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizoisha na mishahara midogo iliyokuwa ikicheleweshwa. Kwa hiyo mtu huyo mmoja, kwa Baganda ni mfasiri wa Biblia, kwetu ni mtu aliyekuja na bunduki upande wa pili. Mwalimu akifundisha habari zake aseme yote mawili. Ngome ya Luba si mbali na hapo kwake Jinja.

Halafu kuna jambo la Waislamu. Cambridge wamejenga msikiti Mill Road, ukafunguliwa 2019. Mwanangu alinitumia picha: nguzo za mbao zimepanda juu zikatawanyika kama miti. Hautumii umeme mwingi, mwanga unashuka kutoka paani. Wageni wa dini zote wanakaribishwa. Hapo mtaani chakula cha halali hakikosekani, na ni karibu na stesheni.

Binti_Koboko

Mimi nina neno, na naomba wazee mnivumilie. Mnamwambia Mwalimu alipe nauli aende kuangalia ngoma zetu na vibuyu vyetu kwenye kabati la watu wengine? Tena ashukuru kwamba hakuna kiingilio? Vitu 39 kati ya 1,500, tena kwa mkopo. Nani anamkopesha mwenye mali mali yake? Mimi ningeenda Oxford nikaangalia majengo yao. Majengo yao ni yao, hayaniumizi.

Mtunza_Kumbukumbu

Binti, sikupingi hata kidogo juu ya neno mkopo. Lilinikera na bado linanikera. Lakini fikiria upande huu. Vitu vile vilirudi kwa sababu kuna Waganda waliokwenda kule, wakaingia stoo, wakasoma daftari za Roscoe, wakasema hiki ni cha ukoo fulani, hiki hakikupaswa kuonwa na mtu asiye wa hekalu, hiki mmekiandika jina lisilo lake. Anayekwenda akaona anajua la kudai. Asiyeona atadai kwa hasira tu, na hasira peke yake wale watu wameizoea.

Na usidhani Oxford utakwepa. Makumbusho ya Pitt Rivers, yaliyoanzishwa 1884, yana vitu zaidi ya nusu milioni kutoka dunia nzima, vimesongamana kabatini mpaka darini, na Afrika imejaa humo. Mpaka 2020 walikuwa wakionyesha vichwa vya watu vilivyokaushwa kutoka Amerika Kusini, ndipo wakaviondoa. Na mbele ya koleji ya Oriel, barabara kuu, mkoloni Cecil Rhodes amesimama juu ya mlango kwa sanamu ya jiwe. Wanafunzi waliandamana miaka kadhaa aondolewe, koleji ikaamua 2021 abaki. Hakuna mji kati ya hiyo miwili ambao Mwafrika atatembea bila kukutana na historia yake. Tofauti ni kwamba Cambridge historia hiyo ni ya Uganda hasa, na mtu anaweza kuifuata jina kwa jina.

Binti_Koboko

Nimekuelewa, mzee. Ila Mwalimu akienda aandike kila kitu cha West Nile atakachokiona, aje atuwekee humu. Kama hakuna, aseme hakuna.

Nesi_Ughaibuni

Mtunza Kumbukumbu umenigusa, nami sasa nataka kwenda kuona hivyo vitu. Lakini nikiwa mtu wa huku lazima niseme jambo ambalo hamkuligusa. Mwalimu anakuja MEI. Mei Cambridge ni msimu wa mitihani. Koleji nyingi hufunga milango kwa wageni kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni. Atafika Trinity akute kibao kwamba wageni hawaruhusiwi. Oxford nao wana mitihani, lakini koleji kadhaa bado hufungua saa za mchana. Ni nauli kubwa hiyo ya kwenda kutazama mageti.

Kijana_wa_Wandegeya

Hapo sasa! Nilisema Oxford.

Mwalimu_wa_Jinja

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mzee wa Bombo, ngome ya Luba nitawapeleka wanafunzi muhula ujao, na nitawaambia yote mawili. Sasa hili la mitihani limenitia wasiwasi. Mwanangu ataumia akifika na kukuta Trinity imefungwa. Mtunza Kumbukumbu, unasemaje?

Mtunza_Kumbukumbu

Dada Nesi amesema kweli na ni vizuri amesema kabla. Tuhesabu basi kinachofungwa na kisichofungwa.

Makumbusho ya Downing Street hayafungwi na mitihani. Senate House unaiangalia kutoka barabarani, na hata siku za kawaida mgeni haingii. Mti wa tufaha uliotokana na mti wa nyumbani kwa Newton uko nje ya lango kuu la Trinity, kwenye nyasi, unaonekana ukiwa barabarani kabisa. Lile daraja la mbao la Queens', lililojengwa 1749 kwa mbao zilizonyooka ingawa lenyewe limepinda, unaliona vizuri ukisimama kwenye daraja la Silver Street. Maabara ya zamani ya Cavendish iko Free School Lane, hatua chache kutoka kwenye makumbusho. Humo ndimo J. J. Thomson alimogundua elektroni 1897, ndimo Chadwick alimogundua nyutroni 1932, na ndimo Watson na Crick walimofanyia kazi ya umbo la DNA 1953. Crick alitangaza habari hiyo kwa sauti kwenye baa ya jirani iitwayo The Eagle. Huwezi kuingia maabarani, lakini kijana wa Senior Five aliyemeza majina hayo kwenye daftari, akasimama mbele ya mlango wenyewe, hatahitaji ziara. Na kwenye kichochoro hicho hicho kuna makumbusho ya Whipple ya vyombo vya sayansi, bure pia.

Kinachobaki ni mto, na mto haufungwi. Cambridge mto unapita nyuma ya koleji, kwa hiyo ukipanda ile mashua bapa inayosukumwa kwa upondo, unapita nyuma ya Queens', King's, Clare, Trinity na St John's, unaona nyasi zao, madaraja yao na kuta zao zote ambazo geti la mbele lingekuzuia. Oxford mashua zipo pia, lakini zinapita zaidi kwenye mabustani kuliko nyuma ya majengo. Nyingi za Cambridge huanzia penye daraja la Magdalene, chini ya ukuta wa koleji aliyosoma Mutesa. Mwambie mpiga upondo akuonyeshe. Na usichanganye: Oxford wana Magdalen yao, haina herufi e mwishoni.

Nesi_Ughaibuni

Hiyo ya kuona koleji kutoka mtoni ni sahihi, nimepanda mwenyewe. Mwalimu, kodi mashua yenye mtu wa kuisukuma. Usimwache kijana ajaribu mwenyewe kama siku ni moja, upondo ukinasa kwenye matope mtapoteza saa nzima.

Na kwa kuwa Mei ni muhula, kuna jambo moja zuri kuliko yote ambalo Agosti usingelipata: kwaya ya King's. Kanisa lile Mfalme Henry VI aliliwekea jiwe la msingi 1446, kazi ya mawe ikakamilika 1515, na dari lake ni mawe matupu yaliyochongwa yakafunguka kama majani ya mvumo kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Mchana unalipia kuingia. Lakini ibada ya jioni, saa kumi na moja na nusu, siku nyingi za juma wakati wa muhula, ni bure, maana ni ibada. Kuna watoto wanaoimba pale, sauti zinapanda kwenye lile jiwe na kurudi zikiwa zimeungana. Mimi nimekulia kwenye kwaya Mbale, napenda ngoma na vigelegele kanisani, na bado nilitoka nje nikashindwa kuzungumza na niliokuwa nao. Angalia ratiba yao ya siku hiyo kabla, na ufike mapema, foleni huwa ndefu.

Basi nimeshindwa kuutetea mji wangu. Kwa Mei, kwa Mwalimu huyu na kijana huyu, Cambridge.

Mpita_Njia_Busia

Mimi nilishasema Oxford, sasa nageuka. Lakini jamani mtu wa Croydon anafikaje Cambridge? Si ni lazima avuke London nzima?

Nesi_Ughaibuni

Hapana, na hiyo ni hoja nyingine. Kutoka East Croydon kuna treni za Thameslink zinazokwenda moja kwa moja mpaka Cambridge. Ni zile zile zinazotoka Brighton kupitia Gatwick. Anapanda, anakaa kama saa moja na nusu, anashuka. Kwenda Oxford angepanda mpaka Victoria, kisha ahamie Paddington kwa treni ya chini ya ardhi ndipo apande nyingine, au achukue basi la Oxford Tube kutoka Victoria, ambalo likikuta foleni ya magari linakula muda. Nauli ya treni hushuka siku za kazi baada ya saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo wasikimbilie alfajiri.

Kasoro ya Cambridge ni kwamba stesheni iko mbali na mji, kilomita mbili hivi. Wapande basi, au watembee, wazunguke kwanza Mill Road kwenye msikiti wa Mzee wa Bombo, wale hapo, kisha waende Downing Street.

Na usijidanganye kwamba utapitia miji yote miwili siku moja. Reli iliyokuwa ikiunganisha Oxford na Cambridge ilifungwa mwishoni mwa 1967, na mpaka sasa wanaendelea kuijenga upya.

Kijana_wa_Wandegeya

Mimi nabaki na Oxford yangu, ila kwa Mwalimu nimeelewa. Swali langu kwa Mtunza Kumbukumbu: ni kweli vitu vyote hivyo 1,500 viko kwenye makabati mtu anavyoingia tu?

Mtunza_Kumbukumbu

Swali zuri, na Mwalimu asije akategemea hivyo. Vinavyoonyeshwa kabatini ni vichache, vingi viko stoo, kama makumbusho yote duniani. Ndiyo maana namshauri aandike barua pepe sasa hivi, ajieleze kwamba ni mwalimu wa historia kutoka Uganda, ataje siku na aombe kuona vitu fulani. Asiandike "vitu vya Uganda" kwa ujumla. Aende kwanza kwenye katalogi yao ya mtandaoni, atafute Busoga, Ankole, Bunyoro, West Nile, achague vichache, aandike namba zake. Makumbusho hupokea maombi ya namna hiyo kama yamekuja mapema. Wakimkatalia, atakuwa bado na ukumbi wa maonyesho, na barua yake itabaki kwenye faili kwamba mwenye vitu aliulizia.

Mwalimu_wa_Jinja

Wazazi wangu na ndugu zangu, nimeamua. Tunaenda Cambridge. Nimemwambia mwanangu jana usiku, nikamsomea yale ya Free School Lane, akanyamaza, kisha akaomba simu atafute ramani. Jumamosi hii tunapanda basi la Kampala twende Kitante kwanza. Katalogi nimeshaifungua, nimeanza na Busoga, na Binti Koboko nimekuandikia namba za West Nile pembeni.

Oxford nitaiacha kwa mwanangu. Akisoma vizuri aende mwenyewe akaone huo ubao wa Einstein.

Swali la mwisho: dada ananipa nichague kati ya Jumatatu na Jumatano. Nachukua ipi?

Mtunza_Kumbukumbu

Jumatano. Jumatatu makumbusho ya Downing Street hufungwa. Na ukifika Kitante Jumamosi, anza na ukumbi wa ngoma, mpe kijana muda, halafu ndipo uulizie vilivyorudi 2024.

Nesi_Ughaibuni

Jumatano sina zamu. Nitumie ujumbe binafsi, Mwalimu, nitakuja na treni kutoka upande wangu, tukutane mlangoni pa makumbusho saa sita mchana. Nitaleta chapati.